Tone la Damu kutoka Kinyala

Jumatatu, 2 Juni

Chai, ndizi ya kuchoma, kisha simu dirishani, maana mtandao wa nyumba hii unapatikana dirishani tu. Nimefungua ukurasa wangu kama kila asubuhi. Idadi ya wanaotaja makala zangu imepanda tena. Mtu fulani huko duniani ameandika makala na kunitaja. Lusajo ameuliza ni nani huyo ananichekesha mapema yote hii. Nimemjibu: Wakorea. Mume wangu amezoea. Akachukua chaki zake akaenda shuleni kufundisha hesabu.

Ukungu mzito. Duka la jirani halionekani. Nguo nilizofua juzi bado mbichi. Mimi Mnyaturu wa Singida, nimekulia kwenye vumbi, na miaka yote hii Tukuyu bado inanishangaza.

Chuo cha Mbeya kimenipa likizo nikamilishe faili la kuomba uprofesa. Wanataka kila makala niliyoandika na wote walioitaja. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Kazi yangu ni virusi, na si vile vya kuua. Kuna kirusi kidogo kisicholeta ugonjwa. Unakitoa vitu vyake vya ndani, unaweka jeni nzima ya binadamu, unakituma kwenye ini la mtu ambaye jeni yake ni mbovu. Kikifika kinatua mzigo. Makala yangu kubwa, niliyoitolea jasho miaka mitano, ilihusu gamba la kirusi hicho. Walioitaja ni wachache, na miongoni mwao nimo mimi mwenyewe.

Makala ndogo, niliyoandika kwa sababu friji ya maabara iliharibika, ndiyo inayotajwa kila siku. Inaeleza namna ya kupima tone moja la damu lililokaushwa kwenye kadi nene, bila barafu, na kujua kama mwili wa mtu ulishakutana na kirusi hicho utotoni. Kama ulishakutana nacho, una askari wanaokikumbuka. Dawa ikiingia wanaimaliza mlangoni. Mtu huyo hafai kwa tiba.

Ndiyo hivyo. Najulikana duniani kwa kipimo cha kuwaambia watu hapana.

Alhamisi, 5 Juni

Bado hakuna jibu kutoka Dar.

Niandike vizuri nisije nikasahau wasiwasi huu ulianzaje. Baba mkwe wangu ana hemofilia. Damu yake haigandi. Kaka zake wawili wa tumbo moja walikufa vijana, mmoja kwa kung'olewa jino tu. Yeye ugonjwa wake si mkali sana, ndiyo maana kafika umri wa kuitwa Mzee, lakini magoti yamevimba na kukakamaa, na kila mwaka anavuja damu ndani kwa ndani mpaka anakimbizwa Mbeya. Mara ya mwisho tulinunua hadi kitambaa cha sanda.

Sasa kuna hospitali Dar inayofanya majaribio ya tiba ya jeni kwa watu kama yeye. Mara moja tu, kwa dripu, basi. Rafiki yangu Dk. Halima, tuliyesoma naye, yumo kwenye timu. Mimi simo, na kwa kuwa mgonjwa ni mkwe wangu nimekaa mbali na kadi yake ya damu. Kadi ilichukuliwa Kinyala, kijijini kwao, na Tumpe, mke wa mdogo wake Lusajo, ambaye ni muuguzi wa zahanati. Ikatumwa kwa basi. Wataipima kwa njia yangu.

Nimejaribu kuandika sehemu ya tatu ya faili. Nimeshindwa.

Jumapili, 8 Juni

Kinyala baada ya ibada. Mvua ya rasharasha, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Nilikuwa nakata kona ya migomba nikasikia fimbo ya Mzee. Nikajifunika kanga usoni, nikajitupa pembeni, nikageuza mgongo mpaka akapita. Wenyewe wanaita ukutila. Mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hamtazami, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake. Jina lake siliandiki hata humu. Familia nyingi zimeshaacha. Hii yetu bado, kwa sababu Mzee anashikilia, na Mama, mkewe, anamshikilia Mzee.

Zamani nilikasirika. Mwanamke mwenye shahada tatu kujificha kwenye migomba! Siku hizi nimezoea, na nitasema ukweli, kuna kitu ndani yake. Namfahamu mtu huyu kwa sauti tu. Najua akikohoa kwa baridi na akikohoa kwa hasira. Leo fimbo iligonga, ikakaa, ikagonga. Goti la kushoto limezidi.

Jumatano, 11 Juni

Halima kapiga simu. Sauti yake ilitangulia kuniambia kabla ya maneno. Tone la Mzee limejaa kingamwili, wale askari. Ametolewa kwenye majaribio.

Nikamuuliza kama wamerudia kupima. Wamerudia. Nikamuuliza kama wamefuata kila hatua. Akasema wamefuata makala yangu neno kwa neno.

Nikamshukuru. Nikaenda kukaa juu ya ndoo kule nyuma ya nyumba.

Alhamisi, 12 Juni

Sikufungua ukurasa. Sitaki kujua nani kanitaja.

Lusajo kasahihisha madaftari ya wanafunzi, kasahihisha tena yaleyale.

Jumamosi, 14 Juni

Nina mengi ya kuandika.

Nilikwenda Kinyala peke yangu kumwambia Mama. Lusajo hakuweza. Mama mkwe alikuwa jikoni anamenya ndizi za mbalaga. Nikamweleza polepole kwamba tone la Mzee limeonyesha ana askari, dawa haitamfaa, basi. Mama hakuacha kumenya. Kamenya moja, kamenya nyingine. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Ile damu siyo ya baba yenu, mwanangu. Ile ni ya kwangu."

Nilidhani sikuelewa. Nikamwomba arudie.

"Yule ukimtoboa, anatoka damu mpaka kesho. Mimi ndiye ninayeosha mashuka, siyo nyie. Tumpe yuko nje ya mlango anasema toboa kidole, gandamiza kwenye kadi. Mimi niko ndani. Yule amegeukia ukutani, anaogopa. Nikajitoboa mimi. Si tone tu? Tunakula chungu kimoja tangu ujana wetu. Nikajua ni ileile."

Tumpe asingeweza kuona. Tumpe naye ni mke wa mtoto wa nyumba hii. Alisimama nje ya mlango kama inavyompasa, kampa Mama sindano na kadi kupitia uwazi wa mlango, kapokea kadi yenye tone zuri la mviringo, kashukuru, kaondoka.

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kucheka. Nikajikuta nalia, na Mama akadhani nimekasirika, akaanza kuomba radhi, ndaga, ndaga, akinishika mikono kwa vidole vyake vyenye utomvu wa ndizi. Kwenye makala yangu nimeandika juu ya joto, unyevu, muda wa kukausha, uzito wa kadi. Wakaguzi walitaka hata jina la kiwanda cha sindano. Hakuna aliyeuliza, na mimi sikufikiri, kwamba mke anaweza kutoboa kidole chake badala ya cha mumewe. Nimekaa nimemtazama Mama muda mrefu sana. Ndizi zilizokuwa motoni zikaungua.

Jumapili, 15 Juni

Nimempigia Halima. Kwanza kicheko kirefu, kisha swali: wataandika nini kwenye kumbukumbu? Nikasema waandike sampuli haikuwa ya mgonjwa. Ndiyo kweli yenyewe. Anakubali kurudia, lakini mwisho wa mwezi wanafunga kupokea watu. Nafasi iliyobaki ni moja na wanaoingoja ni wengi.

Tumpe kaja Tukuyu kwa bodaboda, kavimba kwa hasira. Anasema Mama kamwaibisha mbele ya Dar nzima. Nikamwambia hata mimi ningesimama nje ya mlango. Akaniangalia. Tukacheka mpaka Lusajo akatoka nje.

Lakini Mzee sasa anakataa. Ametuma neno: hatobolewi mpaka aelezwe kitu gani kinaingizwa mwilini mwake. Na aelezwe na mwenye kazi.

Mwenye kazi ni mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Tumefanya.

Mimi ndani ya jiko la mianzi, juu ya kigoda, uso kwenye moshi. Mzee nje, kigoda chake kimeegemea ukuta uleule, kwa upande wa pili. Mama mlangoni, kati yetu. Nilikuwa nasema na Mama. Mama anageuka, anamwambia Mzee kwa Kinyakyusa. Mzee alisikia kila neno langu, Kiswahili anakijua vizuri kuliko mjumbe wa nyumba kumi, lakini alisubiri Mama amalize kila mara ndipo ajibu.

Nimefundisha ukumbi wa wanafunzi mia. Nimesimama mbele ya maprofesa wa Ulaya wenye macho ya kutafuta kosa. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa nyuma ya mianzi ile. Nilieleza jeni, nikaeleza kirusi kilichotolewa vitu vyake vya ndani na kubebeshwa mzigo, nikaeleza ini. Mama alikuwa akitafsiri kwa mikono pia, na mara moja nilimsikia akitaja gunia na viazi vya Isongole. Sijui alisema nini. Mzee aliguna kwa kuelewa.

Akauliza hicho kidudu kitatoka lini. Nikasema kitakufa, mzigo utabaki. Akauliza kama binti zake, waliorithi jeni hiyo mbovu kwake, watapona nao. Nikasema hapana, ni yeye peke yake. Akauliza ikishindikana je. Nikasema hakuna mara ya pili, kwa sababu baada ya siku ile mwili utakuwa umeshakijua kirusi, na hautakiruhusu tena.

Mama alichelewa kulitafsiri hilo.

Kuku. Maji ya mvua yakidondoka kutoka kwenye majani. Kisha Mzee akasema kitu kirefu na Mama akanigeukia: "Anauliza, baba yako mwenyewe kule Singida, ungempa?"

Sikutegemea. Baba yangu anauza chumvi Singida, ni mzima, sijawahi kumfikiria hivyo. Nikamfikiria. Nikamwona amelala na bomba mkononi.

"Ndiyo," nikasema. "Ningempa."

Mzee akasema, "Basi." Mama akanigeukia akanitafsiria: basi.

Jumatano, 18 Juni

Lusajo ndiye aliyemtoboa jana, mwana na baba, mlango wazi, hakuna mwanamke ndani. Tone limewekwa kwenye kadi. Kidole kikakauka, kikafumuka tena jioni, na leo asubuhi shuka lilikuwa na madoa. Mama hakusema, "Niliwaambia." Ameosha shuka.

Kadi imepanda basi.

Jumanne, 24 Juni

Hana.

Hana kingamwili hata chembe. Miaka yote hiyo katika ukungu huu, mafua yote ya utotoni, shule, sokoni, kanisani, na kirusi hicho hakijawahi kumgusa. Mkewe analala naye kitanda kimoja na yeye alikutana nacho. Mzee hakukutana. Nimesoma jambo hili maisha yangu yote na sina maelezo.

Nimempigia Lusajo shuleni. Nyuma yake darasa zima lilikuwa linapiga kelele.

Alhamisi, 10 Julai

Dar. Mzee na Lusajo wako huko tangu juma lililopita, mimi niko hapa Tukuyu, siwezi kukaa naye wodini.

Lusajo kanipigia baada ya kwisha. Anasema ni mfuko mdogo wa maji yasiyo na rangi. Anasema alitegemea kitu kikubwa zaidi. Dripu ilitiririka, Mzee akalalamika juu ya joto la Dar na chai isiyo na maziwa, akasinzia, ikaisha. Muuguzi akabandika pamba.

Nimetoka nje nikasimama kwenye ukungu. Katika mfuko ule kuna virusi vingi kuliko nyota ambazo ningeweza kuziona, kila kimoja kimebeba nakala ya maandishi yaleyale, na hivi ninavyoandika vinasafiri ndani ya damu ya mzee wa Kinyala vikilitafuta ini. Hakuna anayeviongoza. Vinajua. Nimevifanyia kazi tangu nilipokuwa msichana na leo nimepiga magoti kwenye majani mabichi kama mtu asiyejua chochote.

Jirani kaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia hereni.

Ijumaa, 25 Julai

Damu inaganda. Kipimo kimepanda, kikapanda tena. Halima anaongea haraka kama mtangazaji wa mpira.

Nimemwambia asishangilie. Nami sishangilii. Naogopa.

Jumanne, 29 Julai

Nilijua. Ini limechukia. Vipimo vya ini vimepanda, na kile cha kuganda kimeanza kushuka. Askari wa mwili wamegundua seli zilizopokea mzigo na wameanza kuzishambulia. Wakishinda, kila kitu kinapotea, na mlango umefungwa milele. Ningempa baba yangu. Nilisema hivyo. Mimi ndiye niliyesema.

Mama kapiga simu kuuliza habari. Nikasema wanampa vidonge. Akasema anaomba. Akaniuliza kama nimekula.

Sijala.

Alhamisi, 31 Julai

Halima kanitumia makala wanayoifuata kwa dozi ya vidonge vya kutuliza ini. Watu wa nchi mbili tofauti, sijawahi kuwaona. Nimesoma mstari kwa mstari. Dozi yao waliitoa kwa wengine waliowatangulia, na hao waliitoa kwa daktari mmoja aliyepoteza wagonjwa kadhaa kwa kuchelewa, akaandika bila kuficha alivyochelewa. Nikamtafuta na huyo. Nikasoma. Aliandika kwa sentensi fupi, kavu, na nikahisi ameandika kwa uchungu.

Mwishoni mwa ile ya kwanza, kwenye orodha ya waliotajwa, nimo. Tone lililokaushwa. Jina langu katikati ya majina ya watu wasiojuana.

Miaka yote nimeutazama ukurasa ule kama mtu anayehesabu kuku wake. Sikuwahi kufikiri kwamba kila anayenitaja ana mgonjwa nyuma yake. Leo mgonjwa ni wangu, na ninawashikilia watu hawa kama mtu anayevushwa mto. Sijui majina yao yanatamkwaje.

Jumapili, 3 Agosti

Ini limetulia. Halima anasema kushuka kumesimama. Bado tunangoja.

Faili la uprofesa nimelipeleka Mbeya Ijumaa. Sehemu ya mchango kwa jamii nimeandika mistari miwili. Karani kaniuliza kama nimemaliza kweli.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamerudi. Kipimo kimesimama mahali pazuri. Mtu mzima mwenye kiwango hicho anaweza kung'olewa jino.

Nilikuwa barabarani Kinyala walipofika. Nikajitupa kwenye migomba, kanga usoni. Fimbo ilipita. Kisha ikasimama, karibu kabisa na nilipojificha, na nikamsikia Mzee akivuta pumzi kama anayetaka kusema. Hakusema. Akakohoa, si kwa baridi wala kwa hasira. Kikohozi hicho sikukijua. Akaenda zake.

Jumamosi, 6 Septemba

Kinyala. Jua, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Mama, Tumpe na mimi tulikuwa jikoni tunachambua maharage. Kutoka migombani kulikuwa na sauti, tak, kimya, tak. Nikauliza ni kibarua gani. Mama akasema ni Mzee. Kaamka, kaulizia panga, na mapanga yote ya nyumba hii Mama huyaficha kwenye dari, tangu alipoolewa. Kakataa kumpa. Mzee kaenda kuazima kwa jirani.

Tukaendelea kuchambua. Mama alikuwa anaokota maharage mazima anayatupa pamoja na mabovu.

Kisha, "Aa!"

Sauti ikakatika. Mama akaangusha ungo, akatoka mbio, mwanamke wa umri ule. Mimi na Tumpe tukasimama wote, tukafika mlangoni, tukasimama hapo. Tumpe alinishika mkono akaubana. Maharage yametawanyika sakafuni. Sufuria ikaanza kuchemka, maji yakamwagika motoni, hakuna aliyeitoa. Nikasikia sauti ya Mama, ya chini. Nikasikia sauti ya Mzee. Sikushika hata neno moja. Nimeviona virusi vilivyokuzwa mara maelfu, na nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwenye kidole kimoja nisichoweza kukiona.

Mama akarudi akitembea taratibu. Upindo wa kanga yake una doa, dogo. Akakaa kwenye kigoda. Akautazama mkono wake, akaugeuza.

"Amejikata kidole," akasema. "Nilikishika. Nikakishika. Halafu akaniambia nimwachie, nikamwachia." Akakunja upindo wa kanga. "Imekauka."

Akainama, akaanza kuokota maharage. Tukainama naye. Huko migombani panga likaanza tena.